Mwangwi Chini ya Mabati

SWALI: Nimeanza kutengeneza muziki wa Kisomali hapa Wajir mjini kwa laptopu na maiki ya bei nafuu. Sauti inasikika kama ya mtu aliye ndani ya pipa, na biti ninazopakua hazikubaliani na mwimbaji. Ninunue maiki nyingine?

JIBU: Usinunue kitu kwanza. Kuta tupu na mabati hurudisha sauti, na maiki huichukua yote. Tundika mablanketi mazito nyuma ya mwimbaji, simamisha godoro pembeni, naye akae shibiri moja kutoka kwenye maiki. Trei za mayai hazisaidii. Wengi wamepoteza muda nazo. Rekodi alfajiri, kabla upepo na jenereta za jirani hazijaanza, na kilele cha sauti kibaki kama desibeli 10 chini ya sifuri. Sauti ikishapasuka, hakuna programu itakayoirudisha sawasawa.

Biti ndiyo kazi kubwa. Nyimbo nyingi za Kisomali hutembea juu ya noti tano. Biti za kupakua kwa kawaida hujengwa kwa noti saba, na kodi (chords) zake huangukia pale ambapo mwimbaji hapiti kabisa. Basi geuza utaratibu: rekodi kwanza mwimbaji na makofi ya dhaanto, ngoma ya Kisomali, tafuta noti zake tano kwenye kinanda, kisha jenga besi juu ya hizo tu. Isikilize Dur-Dur Band ya Mogadishu ya miaka ya 1980: besi na ngoma ni za fanki, lakini uimbaji ni wa Kisomali mtupu.