MSHIKA MBILI: NAMNA YA KUTUMIA REDIO MBILI KATIKA MASHINDANO YA HEWANI

Wahenga walisema, "Mshika mbili moja humponyoka." Baba yangu alinikumbusha methali hii wakati wa likizo iliyopita, aliposoma ripoti yangu na kuona ya kuwa nimeshuka kutoka nafasi ya 4 hadi ya 13. Alikwisha sikia habari za chama chetu cha redio, basi akaniuliza, "Mwanangu, nilikupeleka shule kusoma au kusikiliza milio?" Siku ile sikuwa na jibu. Leo nalijaribu hapa, maana nataka kuwaeleza wasomaji wenzangu, walimu na wazazi wetu habari za mashindano ambayo ndani yake mtu hushika mbili kwa makusudi. Na akijua kanuni zake, hata moja haimponyoki.

Mashindano yenyewe

Mtu wa redio ya ridhaa ni yule anayerusha mawimbi kwa kupenda tu, si kwa mshahara. Hana budi kuwa na leseni, ambayo kwetu Tanzania hutolewa na TCRA, na kuwa na alama ya wito, yaani jina lake la hewani. Alama za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, na za Uganda 5X.

Mashindano makubwa kupita mengi ni yale yaitwayo CQ World Wide, yaliyoanza mwaka 1948. Yale ya sauti hufanywa mwisho wa juma la mwisho la Oktoba, na yale ya alama za Morse mwisho wa juma la mwisho la Novemba. Huendelea kwa saa 48. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki huanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi. Kila mshindani hutafuta stesheni nyingi awezavyo katika bendi sita, kuanzia mita 160 hadi mita 10. Wakikutana wawili, kila mmoja humpa mwenziwe ripoti ya usikivu na namba ya eneo lake, kisha huagana. Dunia imegawanywa katika maeneo 40. Sisi, Kenya na Uganda tumo katika eneo la 37.

Stesheni ya bara jingine huleta pointi 3. Lakini jumla ya pointi huzidishwa kwa idadi ya nchi na maeneo mapya aliyoyapata mtu katika kila bendi. Hivyo huitwa vizidisho, na hapa ndipo penye siri. Tuchukulie mshindani mwenye pointi 1,200 na vizidisho 100. Ana alama 120,000. Akiongeza stesheni moja ya kawaida ya bara jingine atapata 1,203 mara 100, yaani nyongeza ya alama 300. Lakini kama stesheni hiyo ni ya nchi mpya, atapata 1,203 mara 101, nayo ni 121,503. Nyongeza ya alama 1,503. Stesheni moja imekuwa kama tano!

Dakika zinazopotea

Sasa tazameni shida iliyopo. Ili watu wakujie, yakupasa kukaa mahali pamoja katika bendi na kuita, "CQ, CQ," ukitaja alama yako. Lakini akaaye mahali pamoja hawapati wale wa mbali ambao nao wamekaa kwao wakiita. Na atokaye kuwatafuta huacha mahali pake, na akirudi hukuta mtu mwingine amekwisha pakalia.

Tena, wakati unapoita wewe ni kiziwi. Tuhesabu. Kwa Morse ya maneno 30 kwa dakika, neno moja huchukua sekunde 2. Wito wenye urefu wa maneno 3 huchukua sekunde 6. Ukiita mara 200 kwa saa moja, umetumia sekunde 1,200, yaani dakika 20. Theluthi nzima ya saa, mashine yako inasema nawe umekaa bure!

Redio ya pili ni kwa ajili ya dakika hizo. Redio ya kwanza hukaa katika bendi moja, tuseme ya mita 20, ikiita yenyewe kwa mashine. Redio ya pili iko katika bendi nyingine, tuseme ya mita 15, na mshindani huizungusha polepole akitafuta nchi mpya. Sauti ya redio ya kwanza huingia sikio la kushoto, na ya pili sikio la kulia. Sheria ya kundi la mtu mmoja ni kwamba ishara yake hewani iwe moja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hutumia swichi ambayo, redio moja ikirusha, huizuia nyingine isirushe.

Adui wa nyumbani

Kabla ya masikio kuna kazi ya mikono. Redio inayorusha yaweza kuiziba, na hata kuiharibu, ile inayopokea umbali wa hatua moja tu. Tena kila mtambo wa kurusha hutoa, mbali na wimbi lake, mawimbi dhaifu yaliyo mara mbili, mara tatu na mara nne ya masafa yake. Ukirusha katika megahezi 7.020 utasikika kidogo katika 14.040. Jirani aliye mbali hatasikia, lakini redio yako ya pili itapiga kelele kama ng'oma.

Dawa ni tatu. Ya kwanza ni kuziweka antena mbali mbali. Ya pili ni kuweka kichujio cha bendi katika kila redio. Ya tatu ni rahisi, na wanafunzi wa fizikia wataipenda: kipande cha kebo ya antena chenye urefu wa robo ya wimbi, kilichounganishwa pembeni mwa njia ya antena, na mwisho wake waya wa ndani na wa nje zimegusanishwa. Katika megahezi 7 kipande hiki hakizuii kitu. Katika megahezi 14 urefu ule ule umekuwa nusu ya wimbi, nacho huwa kama njia ya mkato ambayo wimbi lile huingia likapotea. Kwa bendi ya mita 40, na kebo ya kawaida ambayo mawimbi hupita ndani yake kwa kasi ya 0.66 ya mwanga, kipande hicho ni kama mita 7 tu.

Sikio la kushoto na la kulia

Je, mtu aweza kweli kusikiliza mawili kwa pamoja? La, hawezi. Mwaka 1953 mtaalamu Mwingereza, Colin Cherry, aliwavalisha watu hedifoni, akawapa habari moja sikio hili na nyingine sikio lile, akawaamuru waifuatishe moja tu kwa mdomo. Baadaye karibu hawakuweza kueleza lolote la ile ya pili. Walitambua kwamba palikuwa na sauti ya mtu, na kwamba imegeuka kutoka ya mwanamume kuwa ya mwanamke. Lakini lugha ilipobadilishwa hawakutambua. Hata hivyo, mwaka 1959 Neville Moray alionyesha kwamba mara nyingine mtu hulinasa jina lake mwenyewe likitajwa katika sikio asilolisikiliza.

Kwa hiyo mwenye redio mbili hasikilizi mbili. Husikiliza moja, kisha nyingine, na ufundi wote ni kujua saa ya kuhama. Kanuni nilizofundishwa na mwalimu wetu wa fizikia ni hizi:

1. Jifunze redio moja kwanza, mpaka mikono yako iijue bila kufikiri.

2. Hamia sikio la kulia pale tu redio ya kushoto inapoita. Wito ukikoma, rudi. Anayekujibu ni mgeni aliyebisha hodi, na haifai kumwacha mlangoni.

3. Ukisikia stesheni sikio la kulia, iandike alama yake kwa penseli kabla ya jambo lolote, kisha tazama daftarini kama umekwisha kutana nayo katika bendi hiyo.

4. Kushoto kukiwa kimya, iite ile ya kulia kwa kutaja alama yako mara moja tu, nawe sikiliza.

5. Wakisema wote wawili kwa pamoja, mjibu wa kushoto. Wa kulia anaita kwao, hahami. Baada ya nusu dakika huenda utamkuta pale pale.

6. Wageni wakiwa wengi kushoto, punguza sauti ya kulia kabisa. Umati ukipungua, ifungue tena.

Kanuni ya sita ndiyo ngumu kuliko zote, maana mtu akishaonja raha ya redio ya pili hapendi kuizima. Lakini ukiandika alama ya wito kimakosa, stesheni hiyo huondolewa katika hesabu yako, na juu yake hukatwa alama nyingine. Uroho wa kulia hula akiba ya kushoto.

Zoezi letu

Sisi chamani hatuna leseni ya kurusha, lakini tunazo redio mbili kuukuu za kupokea katika maabara. Tulikata waya wa hedifoni, tukaunganisha sikio la kushoto na redio moja na la kulia na nyingine. Novemba iliyopita, nilipokuwa Kidato cha Tatu, tulipata ruhusa Jumamosi na Jumapili alasiri. Redio ya kushoto tuliiweka juu ya stesheni moja ya Ulaya isiyo na haraka sana, iliyokuwa ikiita pale pale. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila aliyejibiwa na stesheni ile. Na ilipokuwa ikiita, kuhamia kulia na kutafuta stesheni nyingine. Mwenzangu alisikiliza stesheni ile ile kwa redio moja tu, ili tulinganishe.

Jumamosi, kwa nusu saa, mwenzangu aliandika alama 34. Mimi niliandika 22, na 5 kati ya hizo zilikuwa na makosa. Kulia nilipata 8. Niliona fahari kwa zile 8, mpaka Mwalimu alipozihesabu zile nilizopoteza. Jumapili nilishika kanuni ya pili na ya sita kwa ukali. Mwenzangu aliandika 31, mimi 29 na kosa moja. Na kulia nilipata 11. Ajabu ni kwamba nilipoacha kuikimbilia redio ya pili, ndipo iliponipa zaidi.

Jibu kwa Baba

Baada ya mafanikio hayo nilifanya kosa ambalo Baba aliliona katika ripoti. Nilianza kujisomea jioni huku sikio moja lina redio. Nilijidanganya ati nami ni fundi wa kushika mbili. Lakini redio ya pili hupewa wakati ule tu ambao ya kwanza hauhitaji. Kitabu cha historia hakina wito wa sekunde 6 unaojiita wenyewe. Hakina nafasi ya wazi hata moja. Nilikuwa kama wale watu wa Cherry: nilijua kwamba kuna kitabu mbele yangu, lakini kilichosemwa sikukijua.

Tangu muhula huu uanze, redio zakaa maabara siku za masomo, nami huzigusa Jumamosi tu. Katika jaribio la katikati ya muhula nimepanda hadi nafasi ya 7. Si ya 4 bado, lakini njia naiona.

Mashindano ya sauti ya Oktoba mwaka huu yatanikuta nikijiandaa kwa mtihani wa taifa. Nimekwisha wakabidhi hedifoni wenzetu wa Kidato cha Tatu, pamoja na penseli na zile kanuni sita. Wao watasikiliza. Mimi nitafuata kanuni ya sita: kushoto kuna umati, kwa hiyo redio ya kulia nimeizima.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne