Toleo jipya, fanksheni nzito

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma. Mmehamisha PostgreSQL kutoka toleo la 11 kwenda la 16, fanksheni ya kuingiza malipo ya usiku sasa inatambaa, na bosi anataka mrudi mlikotoka. Mwombe asubiri kidogo.

Baada ya pg_upgrade, mliendesha ANALYZE? Kabla ya toleo la 18, chombo hicho hakikuhamisha takwimu za majedwali. Bila takwimu kanzidata inabaki kukisia, inasoma jedwali zima pale ambapo faharasa ingetosha, halafu lawama inaangukia fanksheni. Endesha vacuumdb --analyze-in-stages. Na kwa kuwa mmetoka 11, JIT sasa inawaka yenyewe, tangu toleo la 12. Izime kwenye kikao kimoja, ulinganishe muda. Wengi wanaoniandikia hupona hapo hapo.

Wewe huenda usipone, maana nimeona msimbo wako: EXCEPTION ndani ya kitanzi, rekodi kwa rekodi! Hata kosa lisipotokea, kila ukiingia kwenye bloku hiyo kunafunguliwa muamala mdogo ndani ya ule mkubwa. Ni kama kufungua na kufunga geti kwa kila ndoo ya maji unayoingiza nyumbani. Muamala mdogo ukiandika chochote, unapewa namba yake. Kila kikao kina nafasi ya namba 64 tu kwenye kumbukumbu ya pamoja. Zikizidi, vikao vingine hulazimika kupekua pg_subtrans kujua namba ipi ni ya muamala upi. Ndiyo maana hata wenzako wa ripoti, wasiohusika kabisa, wanalalamika. Gharama hii ilikuwepo hata kwenye 11, ila hamkuwa mmeipima.

Unanasa unique_violation ili kuruka malipo yaliyojirudia. Basi jua kwamba safu huandikwa kwanza kwenye jedwali, ndipo faharasa inaikataa, na mzoga wake unabaki pale ukisubiri VACUUM. Tumia ON CONFLICT DO NOTHING, ipo tangu 9.5, nayo huangalia kabla ya kuandika. Na ile sehemu unayogeuza maandishi kuwa namba huku ukinasa makosa, toleo lako la 16 lina pg_input_is_valid. Iulize kwanza, ndipo ugeuze.

Makosa usiyoweza kuyatabiri yatabaki. Hayo yawekee EXCEPTION kwenye fungu zima la rekodi, na fungu likigoma ndipo upitie moja moja. Ila ile WHEN OTHERS THEN NULL uliyoiweka mwishoni, mpenzi, ifute leo. Malipo ya watu yanapotea humo kimyakimya.

Kabla hujagusa chochote, weka track_functions iwe pl, uache usiku mmoja upite, kisha usome pg_stat_user_functions. Namba hizo ndizo umpelekee bosi.