Mdogo Wangu, Mulokoni Hautaki Papara

Mdogo wangu wa Nateete, Kampala, umejinunulia sufuria ya umeme ya kupikia polepole, ukapita bucha ukachukua mulokoni, yaani kongoro la ng'ombe, na shingo, ukavitumbukiza, ukajaza maji hadi ukingoni, ukaenda zako kazini. Jioni umekuta maji ya kijivu yananuka kwato, na nyama inashindana na meno. Sasa unaniuliza kama umeuziwa kitu kibovu. Hasha! Sufuria hiyo inajua jambo moja tu, kungoja. Mengine yote ni kazi yako.

Tuanzie bucha. Usione haya kuomba kongoro, muundi, mkia au shingo. Hizo ni sehemu ambazo ng'ombe amezitumia maisha yake yote, ndiyo maana zimejaa kano. Zikikaa saa nyingi kwenye joto la nyuzi 80 na kupanda, kano huyeyuka zikawa ule utelezi unaonata midomoni. Steki haina kano za kutosha; ukiiweka humo kutwa itakauka tu. Mwombe muuzaji akate mifupa kwa msumeno, uboho uonekane.

Ukifika nyumbani, babua kongoro kwenye sigiri hadi manyoya yote yaungue, likwangue kwa kisu, lioshe. Kisha lichemshe kwa moto mkali dakika 10, umwage maji hayo pamoja na povu lake. Harufu uliyoilalamikia nyingi inaishia hapo. Shingo na mkia vikaange kidogo vipate rangi ya kahawia, kwa sababu sufuria ya polepole haikaangi.

Maji sasa. Yawe ya moto, yafike nusu ya nyama tu, maana mvuke hautoki. Tia kitunguu, tangawizi na saumu. Chumvi uirekebishe mwishoni. Kwa moto mdogo, muundi na mkia huchukua saa 8 hivi, mulokoni hata 10. Kampala iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo usishangae shemeji yako wa Mombasa akikuambia kongoro lake huiva mapema. Na kifuniko kiache! Kila ukichungulia, joto linatoka na linachelewa kurudi.

Nakukataza mambo mawili. Usiweke nyama iliyoganda barafu. Inakaa muda mrefu mno kwenye uvuguvugu ambao vijidudu wanaupenda. Wala usitie maharage makavu moja kwa moja. Maharage mekundu yana sumu ambayo joto la polepole haliiui. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu angalau dakika 10 katika maji mapya, ndipo yaingie.

Najua utauliza, na umeme ukikatika? Ukiwepo, hamishia chakula kwenye sigiri mara moja. Kama hukuwepo na hujui ulikatika kwa muda gani, mwaga. Inauma, najua, lakini usionje ili upime: sumu ya vijidudu huenda isiwe na ladha wala harufu, na nyingine haziondoki hata ukichemsha upya.

Kwa hiyo mimi nakushauri upike ukiwa nyumbani, usiku. Mulokoni wenyewe Kampala ni chakula cha asubuhi. Washa saa 2 usiku, na saa 12 alfajiri utakuwa umelainika. Engua mafuta yaliyoelea juu, chota supu uweke kwenye sufuria ya kawaida, upikie matoke yako juu ya sigiri. Usiyalaze matoke pamoja na nyama usiku kucha, yatakuwa uji. Hapo una katogo ya heshima, matoke yaliyoivia ndani ya supu yake, kabla hujatoka kwenda kazini. Na jirani akikuuliza umeamka saa ngapi kupika vyote hivyo, mpe bakuli, asiulize tena.