Bustani za Watu Wote: Somo Kutoka Jiji la Nairobi

Mhariri wa upande wa Kiswahili ameniomba mimi, mwanafunzi wa zamani wa shule hii, niwaandikie wadogo zangu juu ya kazi yangu ya kupima ardhi. Kazi hii ina mambo mengi, na mengine hayana ladha kwa mtu asiyeifanya. Kwa hiyo nimechagua jambo moja tu linalomhusu kila akaaye mjini, nalo ni mahali pa wazi pa watu wote: bustani, viwanja vya michezo na misitu ya kutembea. Nimefanya kazi Nairobi kwa miaka mingi, basi mifano yangu itatoka huko. Lakini msomaji wa Kampala, Jinja au Mbale asidhani kwamba habari hizi ni za mbali.

Wazee walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiwaza duka, lakini methali hii yafaa sana kwa ardhi ya mji. Shamba la mtu lina mwenyewe wa kulipigania. Kiwanja cha watu wote kina wenyewe maelfu, na mara nyingi kila mmoja hungoja mwenzake aseme.

HESABU KIDOGO

Kwanza tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mwaka 1969 Mzee Jomo Kenyatta aliifungua Uhuru Park, bustani kubwa iliyo kando ya mitaa ya biashara ya Nairobi. Ukubwa wake ni hekta 12.9, yaani mita za mraba 129,000. Mwaka ule ule watu walihesabiwa, na Nairobi ilikuwa na watu 509,286. Kama wote wangaliingia bustanini siku moja, kila mtu angalipata robo ya mita ya mraba: nafasi ya kukaa chini, magoti yakikunjwa.

Sasa tazama mwaka 2019. Watu walihesabiwa tena, wakawa 4,397,073. Bustani ni ile ile. Gawanya mwenyewe, utaona kwamba kila mtu apata sentimita za mraba zipatazo 293. Huo ni ukubwa wa ukurasa mmoja wa daftari dogo la mazoezi, hata haujatimia. Hapatoshi kusimama kwa miguu miwili.

Najua kwamba watu wa jiji hawaendi bustanini wote siku moja. Lakini hesabu hii yatuonyesha jambo: watu huongezeka, ardhi haiongezeki. Mtoto anayelala chumba kimoja na ndugu zake sita, atachezea wapi? Kama hakuna kiwanja atacheza barabarani, na gari halijui mtoto. Mzee naye, na kibarua anayengoja kazi, na mama aliyetoka hospitali na mtoto mgonjwa mgongoni, wote wanataka kivuli cha kukaa bila kuulizwa, "Utanunua nini?"

BUSTANI YA JEEVANJEE

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Miaka michache baadaye tajiri mmoja, Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi aliyepata mali kwa kazi za reli ile, alitengeneza bustani katikati ya mji mpya na kuwapa watu. Mwaka 1906 iliwekwa humo sanamu ya Malkia Victoria. Bustani yenyewe si kubwa, lakini adhuhuri ya siku ya kazi utakuta humo wahubiri, wapiga picha, makarani wanaokula mkate wao, na watu waliolala majanini wakiwa wamefunika uso kwa gazeti.

Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kujenga mahali pale jengo kubwa lenye nafasi ya kuegesha magari. Mjukuu wa Jeevanjee, Bibi Zarina Patel, akasimama kuupinga, na watu wengi wa mji wakamfuata. Jengo halikujengwa. Mpango mwingine wa kujenga ulikuja tena mwaka 2007, nao ukapingwa vile vile. Hapa twajifunza jambo la kwanza: kiwanja kikiokolewa leo, hakijaokolewa milele. Kila kizazi huletewa shauri lile lile, limevaa nguo mpya.

UHURU PARK NA GHOROFA SITINI

Mwaka 1989 ilijulikana kwamba katika Uhuru Park patajengwa jumba la ghorofa 60, lenye ofisi za chama kilichotawala na za gazeti lake. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha mwaka 1977 chama cha kupanda miti kiitwacho Green Belt Movement, akaanza kuandika barua. Aliandika kwa serikali, kwa wajenzi na kwa mabalozi. Aliuliza kama Waingereza wangekubali jumba la namna hiyo katika Hyde Park ya London, au Wamarekani katika Central Park ya New York. Alitukanwa bungeni, na chama chake kikatolewa katika ofisi zake.

Akaenda mahakamani. Nawaomba mwangalie sana jibu alilopewa. Mahakama haikusema kwamba bustani ni mali ya chama. Ilisema kwamba yeye hana haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha hasara yake mwenyewe kuliko watu wengine. Mwenye haki hiyo alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Yaani, kwa kuwa bustani ni ya wote, mtu mmoja hakuweza kuitetea! Kesi ikatupwa.

Hata hivyo makelele yalikuwa yamefika mbali. Wakopeshaji wa ng'ambo wakarudi nyuma, mpango ukapunguzwa, kisha ukaachwa kabisa. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 2011, lakini kabla ya kufa aliona jambo kubwa: Katiba mpya ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 70 chasema kwamba mtu aweza kwenda mahakamani kutetea mazingira, wala si lazima aonyeshe kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Mlango uliofungwa mwaka 1989 ukafunguliwa. Na sisi Waganda tusome Katiba yetu ya mwaka 1995, kifungu cha 39 juu ya mazingira safi, na cha 50 kinachomruhusu mtu kushtaki kwa ajili ya haki za wengine.

MSITU WA KARURA

Kaskazini mwa Nairobi upo msitu wa Karura, wenye hekta zipatazo 1,041. Ukiwagawia watu wa mwaka 2019, kila mmoja apata mita za mraba mbili na zaidi, kadiri ya mkeka wa mtu mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 iligunduliwa kwamba sehemu za msitu huu zimegawiwa watu binafsi wajenge nyumba. Mwezi wa Januari 1999 Profesa Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti, wakapigwa na walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo wakaandamana. Mwezi wa Agosti mwaka ule Rais akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Lakini sikilizeni: msitu uliookolewa ulikuwa bado hautembeleki. Watu waliogopa wanyang'anyi. Ndipo wakazi wa jirani wakaunda chama cha marafiki wa Karura, wakashirikiana na idara ya misitu. Wakaweka ua wa umeme, walinzi, njia na vibao, na mwaka 2011 ukafunguliwa ili watu watembee humo kwa amani. Leo utaona akina mama wakikimbia mazoezi peke yao, mahali ambapo zamani hata wanaume wawili hawakuthubutu kupita.

Lipo neno moja la kusema hapa. Langoni hulipwa ada. Fedha zasaidia matunzo, na bila matunzo msitu ungerudi kuwa maficho ya wezi. Lakini kwa baba mwenye watoto watano na mshahara wa kibarua, hata ada ndogo ikizidishwa kwa saba huwa mlo wa siku. Kwa hiyo Karura haiwezi kuchukua kazi ya kiwanja cha mtaani kisicho na lango. Mji wahitaji vyote viwili.

KIWANJA KIDOGO CHA MTAANI

Sasa nije kwenye kazi yangu mwenyewe. Bustani kubwa hupotea kwa kelele, na magazeti huandika. Viwanja vidogo hupotea kimya kimya. Siku moja wakazi wa mtaa mmoja wa mashariki mwa jiji waliniita niwapimie kiwanja chao cha mpira. Walikuwa na nakala ya ramani ya zamani, imetunzwa na mzee mmoja ndani ya Msahafu wake. Ramani ilionyesha ekari mbili na maneno "mahali pa wazi".

Tulitafuta bikoni, yaani alama za mpaka zilizofukiwa ardhini. Tatu tulizipata. Ya nne ilikuwa chini ya ukuta wa duka. Nilipopima pamebaki ekari moja na robo. Hakuna aliyekuja na trekta usiku. Mmoja alijenga kibanda, wa pili akaanza kuosha magari, wa tatu akasogeza ua wake hatua moja kila mwaka. Mzee mwenye ramani akaniambia, "Bwana mpimaji, hapa hapakuibwa. Hapa palimung'unywa."

Wakazi walichukua mchoro wangu na ile ramani wakaipelekea serikali ya kaunti. Vibanda viwili viliondolewa, na wenyewe wakapewa nafasi sokoni. Ukuta wa duka bado umesimama, na shauri lake linaendelea. Lakini wakazi hawakungoja liishe. Walipanda miti kufuata mstari wa mpaka, ili mtu akitaka kusogea hatua moja, kwanza akate mti mbele ya macho ya watu.

KIWANJA KITUNZWE NAMNA GANI

Ardhi peke yake haitoshi. Kwa yale niliyoyaona, kiwanja kinachodumu kina mambo haya:

1. Hati na ramani, na nakala zake mikononi mwa watu zaidi ya mmoja.
2. Mpaka unaoonekana: miti, ua wa michongoma au mawe yaliyopakwa chokaa.
3. Kivuli na viti. Mahali pasipo pa kukaa, wazee hawaji. Na wazee wasipokuja, hakuna wa kuwaangalia watoto.
4. Maji ya bomba na choo safi. Choo kibovu huwafukuza wasichana na akina mama kabla ya wengine wote.
5. Taa za usiku, na mtunzaji anayejulikana kwa jina.
6. Nafasi ya kila namna ya watu. Kama vijana wa mpira wamechukua uwanja wote, wadogo wao nao watataka pembe yao ya mabembea na mchanga.
7. Matumizi ya kila siku. Kiwanja chenye watu asubuhi na jioni ni kigumu kukinyakua; kilichoota magugu huitwa "ardhi isiyo na kazi", na jina hilo ndilo mwanzo wa kukipoteza.

KAZI YA KUFANYA

Walimu wasiponikataza, nawapa wanafunzi kazi ya likizo.

(a) Chagua kiwanja kimoja cha watu wote karibu na kwenu. Kipime kwa hatua, urefu na upana, kisha uandike ukubwa wake kwa mita za mraba.

(b) Waulize wazee watatu, mbali mbali, mpaka wake ulikuwa wapi zamani. Linganisha majibu yao.

(c) Kaa hapo saa moja asubuhi na saa moja jioni. Hesabu watu wanaokitumia: wavulana, wasichana, wazee. Kama kundi moja halionekani, tafuta sababu.

(d) Nenda ofisi ya ardhi au ya mji, uulize kwa adabu kiwanja hicho kimeandikwa kwa jina gani.

Swali la mwisho ndilo gumu, maana huenda karani akashangaa kuulizwa na mwanafunzi. Usikasirike, mwamkie vizuri, rudi kesho. Nanyi wanafunzi wa zamani mlio katika ofisi hizo, mtoto wa shule akija kuuliza, mfungulieni daftari.