Nani Ashike Ufunguo wa Tovuti ya Ushirika?

Swali: Chama cha msingi cha wakulima wa pamba wilayani Bariadi kina tovuti ambayo watumishi wote huiingia kwa nywila moja ya msimamizi mkuu. Je, ni salama?

Jibu: Si salama, kwa kuwa msimamizi mkuu, yaani mtumiaji mwenye mamlaka ya kubadili mipangilio yote, anapokuwa kila mtu, haiwezekani kubaini aliyebadili orodha ya wakulima. Kila mtumishi apewe akaunti yake yenye ruhusa zinazolingana na kazi yake: karani aingize takwimu za mizani, mhariri achapishe matangazo, na wasimamizi wakuu wawe wawili tu, ili mmoja akiondoka kazi isikwame. Anayeacha kazi aondolewe ruhusa siku hiyohiyo, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mkusanyaji wa taarifa azilinde.