Kabla ya Kulipa Minervali: Ya Kufanya na Kutofanya kwa Kijana wa Kamina

Diploma ya Serikali umeipata. Kabla hujatoa hata faranga moja ya minervali, yaani ada ya chuo, iwe chuo kikuu cha UNIKAM hapa hapa Kamina au UNILU kule Lubumbashi, shika haya.

Dai orodha ya masomo ya lazima, mwaka kwa mwaka, na krediti za kila somo. Usiridhike na jina la fakulte. Vyuo viwili vinaweza kuwa na idara ya jina moja, kimoja kikafundisha takwimu mwaka wa kwanza, kingine mwaka wa tatu. Ukihama katikati, utafika ukiwa na deni la somo ambalo wenzako wamekwisha kulifaulu.

Usilinganishe jumla ya krediti. Katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), lisansi ni krediti 180 kwa miaka 3 na masta ni 120 kwa miaka 2, Kamina, Lubumbashi na Kinshasa vilevile. Jumla hiyo haikuambii lolote. Uliza: somo hili lina mwalimu? Mazoezi ya maabara yanafanyika, au yameishia kwenye karatasi? Na maswali hayo wapelekee wanafunzi wa mwaka wa pili, si ofisi peke yake.

Usitumie hesabu ya kaka yako aliyesoma zamani. Yeye alifanya graduati miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Lisansi yake ilimchukua miaka 5. Yako ni ya miaka 3. Wazazi wengi hukosea hapa, wakaacha kuweka akiba mapema. Waambie tangu leo kwamba masta inafuata.

Usidharau masomo ya wote: uraia, Kiingereza, Kifaransa cha kusema na kuandika, kompyuta. Krediti zake zinahesabiwa kama nyingine. Chuo Kikuu cha Columbia, kule New York, ina masomo ya lazima kwa wote tangu 1919, na haikuyaweka kwa kujaza ratiba. Mhandisi asiyeweza kuandika ripoti ni hasara kwa mgodi na kwa reli.

Chuo cha binafsi? Dai kuiona arete ya waziri inayokiruhusu kufundisha. Wakikuzungusha, ondoka.

Usihame bila karatasi ya alama yenye muhuri.

Nawe mzazi, usimwachie mtoto kazi hii peke yake. Keti naye, wekeni orodha za vyuo viwili mezani, mzisome mstari kwa mstari kabla hamjalipa.