Msaji: Mti Ufaao kwa Sakafu

Wasomaji wetu wa Kibaigwa wajua tabia ya nchi yetu: mvua hunyesha tangu Desemba hata Aprili, kisha ukavu hushika. Kwa hiyo mtu atakaye kuweka sakafu ya mbao, nyumbani au shuleni, yampasa kuujua mti autumiao, maana mbao za fedha nyingi huweza kupindika na kuachana kabla mwaka haujaisha. Leo twaeleza habari za msaji, ambao wengine huuita mtiki.

Mti huu si wa kwetu. Asili yake ni Bara Hindi, Burma na Siam, nchi ambazo leo huitwa Myanmar na Thailand. Wadachi waliupanda huku mwaka 1898, na sasa mashamba yake yako Mtibwa, Longuza karibu na Muheza, na bonde la Kilombero.

Sifa yake ya kwanza ni kusinyaa kidogo. Ubao mbichi ukikaushwa kabisa, upana wake hupungua kama 6 kwa mia ikiwa uso wake wafuata duara za mti, bali kama 3 tu ikiwa uso waelekea kutoka moyoni hata gomeni. Mwaloni mweupe wa Marekani hupungua kama 10 uso ukifuata duara. Basi kwa sakafu chagueni mbao za namna ile ya pili.

Sifa ya pili: kiini chake cha rangi ya kahawia kina mafuta, na mchwa hawakipendi. Lakini sehemu nyeupe iliyo karibu na gome haina kinga hiyo, na mti mchanga una weupe mwingi. Hapo ndipo wanunuzi wengi hupunjika: jina ni msaji, mali ni chakula cha mchwa. Tazameni ncha za kila ubao kabla ya kulipa.

Uzito wake ni kama kilo 650 kwa meta ya ujazo, na ugumu wake ni wa kadiri. Kiti cha chuma kikikokotwa juu yake huacha alama. Tena una chembe kama mchanga zimalizazo makali ya msumeno, na mafuta yake huzuia gundi; kwa hiyo fundi apake gundi mara tu baada ya kupiga randa.

Mbao zitokazo nchi yenye unyevu zisipigiliwe siku ya kufika. Zipangeni ndani ya chumba kile kile, na vijiti katikati hewa ipite, kwa majuma kadhaa. Kisha acheni nafasi ya kidole ukutani, ili sakafu ipate pa kutanukia masika yakija.

Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili: wapime upana wa kipande cha ubao mbichi, wakianike majuma mawili, wakipime tena. Watakachokiona ndicho kitakachoipata sakafu ya mtu asiyengoja.